Haki za Watu na Mlango wa Soko



Anayesimama Soni asubuhi ya soko huona malori yamepanga mstari kando ya barabara itokayo Lushoto kushuka Mombo. Akina mama wameteremka toka vijiji vya juu na vikapu vya karoti na nyanya. Vijana wanapakia kabichi na viazi. Wanunuzi waliofika toka Tanga na Dar es Salaam wanapita kati ya mafungu. Swali lao ni moja: bei gani? Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza swali la pili: Je, aliyelima mazao haya amepata haki yake? Je, ametendewa kama mtu?

Leo twapenda kusema nanyi juu ya swali hilo la pili, maana limekuwa swali la mataifa. Zipo nchi tajiri zinazozifungulia nchi maskini mlango wa soko, bidhaa zao ziingie bila ushuru. Lakini nchi hizo zimeweka sharti mlangoni: anayeingia asiwe mwenye kuwatesa watu wake. Akiwatesa, mlango waweza kufungwa. Je, sharti hilo ni la haki? Na Mkristu alipokeeje?

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo. Tangu mwaka 2001 Jumuiya ya Ulaya imezipa nchi maskini kabisa za dunia, Tanzania ikiwamo, ruhusa ya kuuza huko kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru. Kahawa, chai na katani ya nchi yetu hupita katika mlango huo. Lakini sheria yao yasema kwamba nchi inayovunja vibaya, tena kwa mfululizo, mikataba mikuu ya haki za binadamu na ya wafanyakazi yaweza kunyimwa upendeleo. Si maneno matupu. Mwezi Agosti 2020 Kambodia ilinyang'anywa sehemu ya upendeleo huo, iliyogusa kiasi cha sehemu moja katika tano za bidhaa zake ziendazo Ulaya. Marekani nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2000 inayoitwa AGOA, iliitoa Burundi mwanzoni mwa 2016, Ethiopia mwanzoni mwa 2022, na jirani yetu Uganda mwanzoni mwa 2024.

Na sisi je? Hakuna mtu mzima katika nchi hii asiyejua yaliyotokea katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata. Watu waliuawa. Intaneti ilizimwa. Mjini Dar es Salaam iliwekwa amri ya kutotoka nje usiku. Maaskofu wetu walilaani mauaji yale, na mwezi Novemba Rais aliunda tume ya kuyachunguza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mwezi huohuo Bunge la Ulaya lilipitisha azimio juu ya nchi yetu, na mwezi Desemba serikali ya Marekani ikatangaza kwamba inaupima upya uhusiano wake nasi. Hayo hayakuwa kufungwa kwa soko, yalikuwa onyo. Ila mtu mwenye busara akisikia hodi huuliza ni nani, hangoji mlango uvunjwe.

Tumesikia majibu mawili. Wengine wanasema kwa hasira: "Huu ni ukoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma. Wazungu wanunue wakitaka, wasitake waache, lakini wasitufundishe kutawala." Wengine, hasa wenye majonzi, wanasema: "Afadhali wafunge kila kitu, watawala waone uchungu tulioona sisi." Tuyapime majibu haya yote mawili mbele ya Injili, pasipo kumwogopa wala kumpendelea mtu.

Tuanze na hao wa kwanza. Je, ni kosa kwa mnunuzi kuuliza habari za mwenye jasho? Maandiko Matakatifu yanatujibu. Katika sura ya 18 ya kitabu cha Ufunuo, Mtakatifu Yohane anaueleza msiba wa wafanyabiashara wanaoulilia mji wa Babeli ulioanguka. Anaihesabu shehena yao: dhahabu na fedha, nguo za kitani, manukato, divai, mafuta, ngano, ng'ombe na kondoo. Mwishoni kabisa mwa orodha, kana kwamba ni mzigo kama mizigo mingine, anataja watu, miili yao na roho zao. Ndivyo ilivyo biashara isiyouliza maswali. Huanza na manukato, humaliza na binadamu.

Wala tusidhani habari hizo ni za mbali. Milima hii ya Usambara yaikumbuka vema. Baada ya kufa kwake Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mfalme aliyetawala Vugha kwa miaka mingi, nchi iliingia vitani. Semboja aliyekaa Mazinde, pale misafara ilipopita tambarare, alipata bunduki na baruti kwa biashara, na katika vita hivyo Washambaa walitekwa na kupelekwa Pangani kuuzwa. Mnunuzi wa pwani hakuuliza yule mtoto ametoka nyumba gani. Aliuliza bei. Kisha tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Hakutia sahihi kwa hiari: Waingereza walimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Tunajua kwamba hao Waingereza walikuwa na faida zao pia, na kwamba utumwa wenyewe uliendelea katika mashamba ya karafuu miaka mingi baadaye. Hata hivyo ni nani kati ya wajukuu wa waliotekwa atakayesema kwamba soko lile lingeachwa wazi kwa heshima ya mwenye nchi?

Twende karibu zaidi. Tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano uliofanyika London, Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, alisimama kuwaomba watu wa Uingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru bado. Aliwaambia watu wa nchi moja wayakatae matunda na sigara za nchi nyingine kwa sababu watawala wa nchi hiyo waliwadharau na kuwaonea watu weusi. Je, Mwalimu alikuwa mkoloni? Na Desemba 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, ilikosa mkopo wa pauni milioni 7.5 iliouhitaji sana. Yaani nchi yetu ilikubali kuumia mfukoni kwa ajili ya haki ya watu wa nchi nyingine. Twajivunia mambo hayo, tena twawafundisha watoto wetu shuleni. Basi, hatuwezi leo kugeuka na kusema kwamba haki za watu hazihusiani na biashara, eti kwa kuwa safari hii tunaoulizwa ni sisi. Wahenga walisema: Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tena mafundisho ya Mama Kanisa hayana mashaka hapa. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba haki za mtu zatoka katika utu wake aliopewa na Muumba. Serikali haikumpa, kwa hiyo serikali haiwezi kumnyang'anya. Ikiwa ni hivyo, basi kilio cha mwenye kuonewa si siri ya ndani ya nyumba. Jirani akisikia mtoto anapigwa karibu ya kufa, hasemi: "Si boma langu."

Sasa twawageukia hao wa pili, wanaotamani kila mlango ufungwe. Machungu yao twayaelewa, wala hatutawakemea waliozika. Lakini twawaomba watutazamie jambo moja: mlango ukifungwa, ni nani anayebaki nje kwenye mvua?

Mwaka 1996 sisi wenyewe wa Afrika Mashariki tuliufunga mlango. Buyoya alipoipindua serikali ya Burundi mwezi Julai, wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha tarehe 31 ya mwezi huo, Mwalimu Nyerere akiwa mpatanishi, wakakata biashara na nchi ile. Nia ilikuwa njema, maana damu ilikuwa inamwagika. Mwezi Septemba hata Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa. Vikwazo vile havikukosa matunda: Bunge na vyama vya siasa viliruhusiwa tena mwezi huohuo wa Septemba, na mazungumzo yakafuata hata ukapatikana Mkataba wa Arusha, tarehe 28 Agosti 2000. Lakini tazameni na upande wa pili. Mafuta yaliadimika, mbolea ikawa shida, bei zikapanda, na mkulima wa vilimani aliyekuwa hajampindua mtu yeyote akalala njaa. Wakati huo walanguzi wa magendo, wengi wao wenye marafiki wakubwa, walitajirika. Mwaka 1997 wakuu wa nchi waliliona jambo hilo, wakalegeza: vyakula, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo vikaruhusiwa. Januari 1999 vikwazo vyote viliondolewa.

Na huko Ethiopia, Marekani ilipoufunga mlango wake kwa sababu ya vita vya Tigray, viwanda vya nguo vya Hawassa vilipata pigo, na wasichana wengi waliokuwa wakishona huko wakakosa kazi. Hawakuwa majemadari. Walikuwa mabinti waliotuma fedha kwa wazazi wao.

Twaongeza na jambo jingine, tulitamke bila kificho: mkono unaoshika mlango huo si safi siku zote. Mwaka 2018 Rwanda ilinyimwa upendeleo wa nguo zake kuingia Marekani. Je, kwa kuwatesa watu? Sivyo. Ni kwa kuwa iliongeza ushuru wa mitumba, ili ilinde viwanda vyake. Ikiwa mlango ni uleule, na hufungwa leo kwa ajili ya damu ya watu, kesho kwa ajili ya nguo kuukuu, basi wanyonge wana haki ya kushuku. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba Mungu huchukia mawe mawili ya kupimia, moja la kununulia na moja la kuuzia. Fundisho hilo liliandikwa kwa muuza nafaka, nalo lawahusu pia mawaziri wa biashara wa mataifa makubwa.

Basi Mkristu ashike lipi? Kumbukeni habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, Yezebeli akatafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akauawa kwa mawe. Nabii Eliya alitumwa wapi? Hakutumwa kuyachoma mashamba ya wakulima wote wa Yezreeli ili Ahabu aone uchungu. Alimwendea Ahabu mwenyewe, akamkuta ndani ya shamba alilolipora, akamweleza kosa lake uso kwa uso. Na katika ukame uliotangulia siku hizo, ulioikausha nchi nzima kwa ajili ya dhambi za mfalme, Mungu hakumsahau mjane wa Sarepta: unga wake haukupungua chomboni, wala mafuta yake hayakukauka. Hapa twajifunza mambo mawili: karipio limfikie mkosaji, na unga wa mjane uachwe.

Ndiyo maana Kanisa, katika Muhtasari wa Mafundisho yake ya Jamii uliotolewa mwaka 2004, halikatazi vikwazo, ila linavifunga kwa masharti: visiwe adhabu ya taifa zima, vipimwe mara kwa mara, viwe vya muda, tena vifungue njia ya mapatano. Sisi twaongeza kwa unyenyekevu: wasikilizwe kwanza wale wanaoonewa. Katika Afrika Kusini, walioomba bidhaa zisinunuliwe walikuwa Waafrika wenyewe, wakijua kwamba nao wataumia. Dhabihu ikitolewa na mwenyewe ni takatifu. Ikitolewa na mwingine kwa mali ya maskini ni jambo la kuogopa.

Kwa hiyo twawaambia mataifa yanayonunua mazao yetu: ulizeni, msichoke kuuliza, lakini mzuieni mkosaji kabla ya kumzuia mkulima. Zuieni fedha alizoficha kwenu, mzuieni safari zake, mnyimeni silaha. Bonde la Bumbuli lenye chai liwe la mwisho kuguswa, lisiwe la kwanza. Wala msimpime rafiki yenu kwa kibaba kimoja na asiye rafiki kwa kingine.

Na kwa wenye mamlaka katika nchi yetu twasema kwa heshima, kama watoto wa nyumba moja: mlango huu haufungwi na Ulaya peke yake. Wahenga walisema: Mchuma janga hula na wa kwao. Anayeamuru risasi, au anayeinyamazia, anauweka mezani pa kila familia mzigo ambao familia haikuuomba. Mama anayechuma chai milimani ataulipia, na mkata mkonge wa Korogwe ataulipia. Ukweli usemwe juu ya waliokufa. Ndugu waoneshwe makaburi. Wafungwa wahukumiwe kwa haki au waachiliwe. Wala yasifanyike hayo kwa sababu kahawa itakosa soko. Yafanyike kwa sababu Mungu atauliza. Siku ile Kaini alipoulizwa alipo ndugu yake, hapakuwa na balozi wala mnunuzi aliyesimama karibu. Palikuwa na Mungu, na damu iliyokuwa ikilia toka ardhini.

Hatimaye twarudi kwenu, familia za Kikristu, mnaosoma gazeti hili baada ya Misa. Msije mkadhani kwamba maneno haya ni ya wakubwa tu. Turudi Soni tulikoanzia. Gunia la viazi limejazwa, likashindiliwa, kisha likaongezewa kilemba juu kikashonewa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo yaikataza, kila mtu anaijua, nayo yaendelea. Mkulima analipwa gunia moja, anatoa gunia na zaidi. Mnunuzi wa lumbesa anayekasirika kwamba mataifa yana mizani mbili, je, ya kwake ni mingapi?

Tena katika nyumba nyingi za mijini yumo binti aliyeletwa toka kijijini, pengine toka milima hiihii, afue, apike, alee watoto. Je, analipwa mwisho wa mwezi, au anaambiwa subiri? Je, analala saa ngapi? Jumapili anaruhusiwa kwenda Misa? Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi. Mikataba ambayo Ulaya inaitazama yasema juu ya kazi ya watoto na kazi ya kulazimishwa. Hao maofisa wa mbali hawatafika jikoni kwenu. Lakini yupo anayefika.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, mnaponunua, muulize swali la pili, mkikumbuka kwamba nyuma ya kila fungu kuna mtu. La pili, mnaouza na kununua kwa jumla, acheni lumbesa hata kama jirani haachi. Mmoja akianza, wa pili atapata moyo. La tatu, jioni hii mnapokusanyika kwa Rozari, msali fumbo moja kwa ajili ya waliouawa na wafiwa wao, na jingine kwa ajili ya waliofanya mauaji, watubu wangali hai.

Mwenyezi Mungu atujalie nchi ambayo mgeni akiuliza, "Watu wenu mnawatendeaje?" hatutakasirika wala hatutatafuta maneno, bali tutamfungulia mlango na kumwambia: Karibu, tazama. Tumsifu Yesu Kristu.